Mawe na Majina: Ziara Yetu Mombasa

Watu wengi wa kwetu Kamango wakisikia jina la Mombasa hufikiri habari za bandari, kwa sababu chumvi, sabuni na mabati yauzwayo katika soko letu hupitia huko. Sisi tulikwenda kwa sababu nyingine. Mwezi wa Juni, baada ya kusali Namugongo siku ya Mashahidi wa Uganda, makatekista watano wa Watalinga hatukurudi nyumbani mara moja. Tulipanda basi tukaendelea mpaka pwani. Tulitaka kuona mahali walipokaa watawa miaka karibu mia nne iliyopita, na ngome ya kale ambayo leo ni jumba la makumbusho. Nauli yetu ilichangwa na jumuiya za Kikristu, wengine wakitoa kakao badala ya fedha. Basi, tuna deni la habari, na kwa maandishi haya tunalilipa.

Tulipokuwa seminarini tulisoma habari za monasteri za Ulaya, jinsi wamonaki walivyofyeka misitu, wakanakili vitabu, wakafundisha kilimo, na jinsi nyingi kati ya nyumba zao zilivyobaki magofu. Wengi wetu tulidhani Afrika haina magofu ya namna hiyo. Kumbe tulikosa. Baba wa wamonaki wote, Mtakatifu Antoni Abati, alikuwa Mwafrika wa Misri. Katika nchi ya Ethiopia wamonaki wangali wanasali juu ya mlima wa Debre Damo. Na katika nchi ya Nubia, ambayo leo ni kaskazini ya Sudani, Wakristu weusi walikuwa na wafalme wao, maaskofu wao na monasteri zao kwa muda wa karibu miaka elfu moja. Kuta za monasteri ya Ghazali zingali zimesimama jangwani.

Kanisa hilo la Nubia lilikwisha kabisa. Tungejua nini juu yake? Kati ya mwaka 1961 na 1964, maji ya bwawa la Aswan yalipokuwa karibu kuifunika nchi ile, wataalamu kutoka Poland walifukua mchanga mahali paitwapo Faras. Wakakuta kanisa kuu zima, na kutani picha zaidi ya 120 za watakatifu, wafalme na maaskofu. Tena wakakuta jambo ambalo kwetu sisi makatekista ni kubwa kuliko picha: orodha ya maaskofu wa mahali pale, majina 27 yameandikwa ukutani, mmoja baada ya mwingine. Waumini wameondoka, kengele imenyamaza, lakini majina yamebaki. Tafadhali, msomaji, weka jambo hili moyoni, tutalirudia.

Sasa twende Mombasa. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, wakiongozwa na Vasco da Gama. Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri alitua Malindi siku chache, akiwa safarini kwenda Goa katika nchi ya Bara Hindi. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome kubwa Mombasa, kwa michoro ya fundi Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, wakaiita Ngome ya Yesu. Mwaka 1597 wakaja mapadre wa shirika la Mtakatifu Agostino, wakajenga nyumba yao na kanisa mjini, si mbali na ngome.

Msomaji wa jimbo letu la Butembo-Beni atatega sikio hapa. Mapadre waliotuletea sisi Ekaristi, waliofika nchi yetu mwaka 1929, huitwa Waagostino wa Kupalizwa Bikira Maria, yaani Waasumpsio. Shirika lao ni jingine, lilianzishwa Ufaransa na Padre Emmanuel d'Alzon katika karne ya 19, lakini Kanuni wanayoifuata ni ile ile ya Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo, Mwafrika aliyefariki mwaka 430. Kwa hiyo tulipoitafuta nyumba ya watawa wa Mombasa tulijiona kama watu wanaomtafuta babu wa upande wa mjomba.

Nyumba yenyewe hatukuiona. Tusiwadanganye. Mji umejengwa juu yake. Tulipita katika barabara ya Ndia Kuu, ambayo Wareno waliiita Raposeira, tukitazama milango ya mbao iliyochongwa, wauza kahawa na watoto wanaotoka chuoni. Hakuna jiwe moja linalosema, “Hapa waliishi watawa.” Mwenzetu mmoja alisikitika, akasema tumepoteza nauli ya watu. Tukamwambia angoje tuingie ngomeni.

Ngome imesimama juu ya mwamba wa tumbawe, mbele yake bahari. Ndani ya uwanja wake mnaonekana misingi ya kanisa, kisima, birika la maji, mabaki ya makao ya askari, na nyumba iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuiteka ngome mwaka 1698. Kutoka mwaka 1895 mpaka 1958 Waingereza waliifanya gereza. Halafu wafungwa waliondolewa, mabaki yakachimbuliwa na kusafishwa, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 shirika la Unesko liliiandika kati ya mahali pa urithi wa dunia nzima.

Katika vyumba vya makumbusho tuliona vyungu vya Wamijikenda, sahani za Kichina, mizinga, na vitu vilivyotolewa chini ya bahari kutoka katika jahazi la Kireno lililozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati wa mazingiwa ya Waomani. Lakini kitu kilichotushika zaidi ni kipande cha ukuta wenye michoro. Askari wa Kireno, ambao majina yao hayajulikani, walichora kwa makaa na kwa udongo mwekundu: merikebu, makanisa, watu, hata kinyonga mmoja. Walikuwa vijana walio mbali na mama zao, nao walichora walichokikumbuka na walichokiona. Tukafikiri habari za vijana wetu ambao huchora pikipiki na ndege juu ya kuta za shule.

Ndipo mzee aliyetuongoza akatuketisha kivulini. Yeye ni Mwislamu, mtu wa mji ule, mwenye mvi na kofia nyeupe. “Shikamoo, mzee,” tulimwamkia. “Marahaba, wanangu. Mwatoka mbali, miguu yenu yasema.” Tukamwomba atusimulie habari za mwaka 1631. Alinyamaza kidogo, kisha akatujibu, “Nitawasimulia, lakini si kutoka mwaka huo. Anayeanza hapo hasimulii kweli.” Akaanza na mwaka 1614.

Wakati huo Sultani Hasan bin Ahmad, wa ukoo wa Malindi, alitawala Mombasa kwa urafiki na Wareno. Lakini kapteni wa ngome alimwonea na kumnyang'anya haki zake. Sultani akakimbilia bara. Huko akauawa na watu waliohongwa vitambaa na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Alimwacha mwana mdogo, Yusuf. Mtoto huyo naye akapelekwa Goa, akalelewa na mapadre Waagostino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akajifunza kazi ya mizinga katika merikebu za Wareno, akaoa mke Mkristu. Katika mwaka 1626 akarudishwa Mombasa akiwa mfalme.

Tazameni basi: kijana amerudi katika mji wa baba yake, anatawala kwa ruhusa ya watu waliomwua baba yake. Na kapteni mpya, Pedro Leitão de Gamboa, hakumheshimu. Husimuliwa kwamba mfalme alionekana usiku akisali juu ya kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu, na kwamba kapteni alitaka kumkamata na kumpeleka Goa kuhukumiwa. Tarehe 16 Agosti 1631, siku iliyofuata sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mfalme aliingia ngomeni pamoja na watu wake, akamwua kapteni kwa mkono wake. Akaurudia Uislamu na jina la Yusuf.

Wakristu wa mji walikimbilia katika nyumba ya watawa. Kumbuka kwamba hawakuwa Wareno tu. Walikuwamo Waafrika, waume kwa wake, na watoto. Nyumba ile haikuwa na mizinga wala kuta nene. Wakakaa humo siku chache, wakisali na kuungama. Kisha wakatolewa nje. Wengi waliambiwa wataachwa hai kama wataikana imani yao, wakakataa. Kati yao alikuwamo Dom António wa Malindi, jamaa ya mfalme mwenyewe. Angeokoka kwa neno moja, na neno hilo hakulisema. Hesabu ya waliouawa hukadiriwa kuwa karibu 300.

Na Yusuf je? Wareno walikuja kutoka Goa mwanzoni mwa mwaka 1632 wakaizingira ngome, wakashindwa. Lakini miezi michache baadaye yeye mwenyewe aliiacha ngome, akaingia baharini kwa merikebu, akazunguka pwani kwa pwani akipigana nao, mpaka akafa mwaka 1638 katika Bahari ya Sham. Hakupata tena kukaa katika mji wa baba yake.

Mzee alipomaliza alisema, “Kila nyumba ya mji huu ina wafu wake, wanangu. Ukihesabu wa kwako tu, hesabu haitimii.” Hatukuwa na la kujibu. Kweli, sisi tulikuwa tumekuja kuwahesabu wa kwetu.

Kisha akatuonyesha maandishi ya Kireno yaliyochongwa katika jiwe, ya mwaka 1639, juu ya lango. Yanamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeitengeneza ngome kuanzia mwaka 1635. Yanasema aliwatiisha wafalme wa pwani, akabomoa kuta za Pate na Siyu, akawaua wakubwa wa Pemba. Ni sifa tupu za nguvu. Jina hata moja la wale waliouawa mwaka 1631 halimo. Dom António hayumo. Mama na watoto hawamo. Jiwe limemkumbuka kapteni, likawasahau waumini.

Basi, habari zao zimetufikia kwa njia gani? Kwa karatasi. Mwaka 1632, kule Goa, Kanisa liliwaita watu waliokuwako Mombasa na kuokoka. Wakaapishwa, wakaulizwa mmoja mmoja: uliona nini, ulisikia nini, nani alisema neno gani kabla ya kufa? Majibu yakaandikwa, ili Roma ipate kupima kama watu wale walikufa kwa ajili ya imani. Kazi hiyo haikufika mwisho, na mpaka leo Kanisa halijawatangaza kuwa wenye heri. Lakini karatasi zilihifadhiwa, na mwaka 1980 mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville alizipiga chapa kwa lugha ya Kiingereza. Kwa hiyo nyumba ya watawa, ambayo haina hata jiwe moja la kuonekana, inajulikana vizuri kuliko mambo mengi ya ngome yenye kuta nene.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa watu wawili. Aliyekufa kwa ajili ya imani ni shahidi. Aliyeona jambo na kulisema kwa kiapo, naye ni shahidi. Tulipokuwa watoto tulidhani ni umaskini wa lugha. Mombasa tulielewa kwamba ni hekima. Shahidi wa kwanza, asipopata shahidi wa pili, jina lake hupotea duniani, ijapokuwa Mungu halisahau.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, hatukulala upesi. Tulikuwa tunafikiri habari za nyumbani. Mwezi wa Julai 2013 waasi waliingia Kamango, na watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka kwenda Bundibugyo. Sisi wenyewe tulivuka, wengine na watoto mgongoni, wengine na godoro kichwani. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule vita vilirudi. Tangu hapo, katika nchi ya Beni, ni vijiji vingapi vimelia? Na kabla ya hayo, usiku wa tarehe 19 Oktoba 2012, mapadre watatu Waasumpsio walitekwa katika parokia ya Mbau: Jean-Pierre Ndulani, Anselme Wasukundi na Edmond Bamutute. Hawajarudi. Haya tunayajua kwa sababu shirika lao limeyaandika na kuyatangaza. Lakini mkulima aliyekamatwa shambani kwake? Binti aliyekuwa anateka maji? Kiongozi wa jumuiya aliyerudi kuokoa vyombo vya Misa? Nani ameandika habari zao?

Mwenzetu yule aliyesikitikia nauli ndiye aliyesema kwanza: “Mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu je?”

Tukakumbuka mambo mawili. Sista Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na tarehe 15 Agosti 1985 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa. Tena Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, aliuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa, asiruhusu chakula kibovu kiingizwe nchini. Naye alitangazwa mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Masista wenzake Anuarite na rafiki zake Floribert walitoa ushuhuda, ukaandikwa. Kama wangesema, “Sisi tu watu wadogo, mambo haya ni ya wakubwa,” leo tusingekuwa na wa kumwomba kwa jina.

Tuliporudi Kamango tulimweleza Baba Paroko, naye akakubali. Tukanunua daftari nene, lenye jalada gumu, tukaanza kupita katika vijiji vyetu. Kanuni tulizojiwekea ni chache. Ya kwanza: jina kamili, la ukoo na la Ubatizo, na namba ya kitabu cha Ubatizo kama ipo. Ya pili: anayesimulia aseme aliyoyaona yeye, na aliyoyasikia kwa mwingine yaandikwe mbali. Ya tatu: hatumwiti mtu shahidi wa imani sisi wenyewe, hiyo ni kazi ya Kanisa. Sisi tunaandika tu. Ya nne ilikuwa ngumu, na tulibishana jioni mbili: je, tuwaandike Wakatoliki peke yao? Mmoja alisema daftari ni la parokia. Mwingine akamkumbusha mzee wa ngomeni na hesabu isiyotimia. Mwishoni tulikubaliana kuandika kila mtu: Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu, na asiye na dini. Tena tukakubali kwamba mtu wa kwetu akiwa ametenda ubaya kwa kisasi, hilo nalo litaandikwa, hata kama linatuaibisha. Kwa maana habari za Mombasa bila kichwa cha Sultani Hasan ni habari za uwongo, hata kama kila neno lililobaki ni kweli.

Kazi si nyepesi. Wengine hutufukuza, wakisema tunafufua vidonda. Hatuwalaumu, tunarudi siku nyingine, au haturudi. Wengine huuliza kama wataletewa msaada. Tunawajibu kweli kwamba hakuna msaada, ni daftari tu. Na hata hivyo wengi huketi wakasema.

Juma lililopita alikuja mama mmoja, mzee, kutoka kijiji cha mbali. Alitembea tangu alfajiri. Alitaka mwanawe aandikwe. Tukamwuliza tarehe, hakuijua. Alijua tu kwamba kakao ilikuwa inaanikwa, na kwamba mvua ilinyesha asubuhi. Tukaandika hivyo: kakao ilikuwa inaanikwa, mvua ilinyesha asubuhi. Akatuomba tumsomee. Tukasoma jina la mwanawe na maneno yake yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Ndiyo, ni yeye,” akainuka akaenda zake.

Wasomaji wapenzi, si kila parokia ina ngome wala makumbusho. Lakini kila parokia ina daftari, kalamu, na wazee wanaokumbuka. Wazee hao hawatakaa siku zote. Msingoje mtaalamu kutoka mbali aje na majembe kufukua mchanga, kama kule Faras. Ulizeni sasa, andikeni sasa, na mwandike kweli yote. Nasi tunawaomba mtukumbuke katika sala, sisi na kazi hii, pamoja na wote ambao majina yao yamo katika daftari letu, na wale ambao hatujafika milangoni mwao.